Mafiga Chini ya Maji

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Ruti aliinusa asubuhi, ameinama anapiga deki ukumbi wa mbele wa hoteli, nayo haikuwa harufu ya choo wala ya nguo mbichi zilizosahaulika kwenye beseni. Ilikuwa kama chuma kilicholambwa. Akausimamisha mti wa deki, akanusa huku na huku mpaka pua ikampeleka pembeni, kwenye viroba vya mawe vilivyoshushwa kwenye lori la Dar. Mawe hayo yalikuja makavu kabisa, meupe kama mifupa iliyokaa juani, yamejaa matundu. Sasa chini ya viroba kulikuwa na maji.

Alichovya kidole akaonja. Ndivyo alivyokuwa Ruti, mdomo wake ulitangulia mambo yote.

"Lusubilo! Wewe fundi! Nani kamwagia mawe yako maji ya chumvi?"

Fundi Lusubilo alikuwa anakunywa chai mlangoni. "Maji ya chumvi yatoke wapi Tunduma hii, Mama Atu? Labda jasho langu."

"Jasho lako, kama ungekuwa unafanya kazi."

Wakacheka, Ruti akayafuta yale maji, na jambo likaishia hapo. Mtu aliyezaliwa Isansa, akakulia kwenye mibuni, bahari ataijulia wapi? Hakujua kwamba alichokuwa ananusa ni bahari.

Hoteli ilikuwa ya Bwana Mika, pale barabarani malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Zambia. Bwana Mika alikwenda Dar kwenye harusi ya mpwa wake, akaona kwenye ukumbi mmoja tangi la kioo lenye samaki wa baharini na mwamba mzima ndani yake, akarudi hali wala halali. Naye alitaka lake. Likaja tangi, kubwa mno. Watu wawili wangelala ndani bila kugusana, na kimo chake kilimfika Ruti kifuani. Yakaja na mawe ya matumbawe, yaliyong'olewa huko chini ya bahari. Kilichobaki ni mtu wa kuyapanga, na Bwana Mika hakuona sababu ya kumleta mtu kutoka mbali wakati fundi Lusubilo wa Isongole yupo, aliyejenga misingi ya nusu ya nyumba za mtaa ule.

Ruti alikaa chumba cha uani pamoja na binti yake Atupele, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Baba wa mtoto alivuka mpaka kwenda kutafuta maisha, akanogewa hukohuko. Kwa hiyo Ruti alikuwa na Atupele, na Atupele alikuwa na Ruti, basi. Mtoto alishinda ukumbini, anamfuata mama yake na deki, anawasalimia madereva wa Kizambia kwa Kibemba chao, "Mulishani!", nao wanampa pipi.

Aliyeuza mawe, kijana aitwaye Venance, alikuwa anamwelekeza Lusubilo kwa simu ya video.

"Fundi, usijenge ukuta," alisema. "Ukuta unaziba maji, maji yasipopita uchafu unatuama, samaki wanakufa. Jenga kama kilima chenye mapango. Chini pana, juu pembamba. Jiwe lisiegemee kioo, acha nafasi mkono upite. Weka ule ubao wa plastiki kwanza, mawe makubwa yakae juu yake, mchanga uje mwisho kabisa. Kuna samaki wanachimba. Ukiweka jiwe juu ya mchanga wakachimba chini yake, kilima kinaporomoka, jiwe linapiga kioo, bosi anafuga samaki barabarani."

Lusubilo aliitikia ndiyo ndiyo, akazima simu, akatema mate nje. "Msingi wa kanisa la Isongole nimeujenga mimi, mvua zote umesimama. Leo nifundishwe kupanga mawe na simu."

Akajenga ukuta. Ukuta mzuri, jiwe limefunga jiwe, hata sisimizi hapenyi. Asubuhi yake Ruti alipofungua mlango wa mbele alikuta ukuta umelala.

Umelala, hakusema umeanguka. Kitu kikianguka kinatawanyika. Mawe haya yalikuwa yamewekwa chini, moja moja, bila hata chenga ya kuvunjika, na matatu makubwa yametengwa kando peke yake, yanatazamana.

"Nani kaingia humu?" aliuliza Lusubilo, na siku ile hakutania.

Akajenga tena. Asubuhi, vilevile. Akabadilisha, akaweka gundi, akaacha na mapango kama Venance alivyosema. Asubuhi gundi ilikuwa imebanduka kama ukoko mkavu, mawe yamelala, na yale matatu yako kando, yaleyale, yanatazamana.

Bwana Mika alianza kupiga kelele kwamba uzinduzi umekaribia. Ruti alikuwa anapita na ndoo, akachungulia ndani ya tangi, akaanza kucheka.

"Kwani nyie hamuoni? Hayo si mafiga hayo?"

"Mafiga gani, Mama Atu?"

"Mafiga, baba. Matatu, yanatazamana. Mawe yenyewe yanawaambia yanataka kukaaje, nyie mnajenga kuta. Kitu chenye miguu mitatu hakitikisiki hata sakafu ikiwa mbovu. Toka humo, hii si kazi ya mwanaume."

Kwao Isansa, katika ukoo wao, mafiga ya nyumba mpya yanawekwa na mwanamke. Ruti alimwona bibi yake akifanya hivyo, na mama yake pia. Unaliweka la kwanza, unaliweka la pili, na ukishaliweka la tatu unalipiga kwa kiganja na kumtaja mtoto atakayekula hapo kwanza, ili moto ujue unampikia nani. Yakishakaa hayaguswi na mtu mwingine. Aliyeyaweka ndiye atakayeyang'oa siku ya kuhama.

Basi Ruti akavua kandambili, akafunga kanga vizuri, akaingia tangini. Lusubilo na mlinzi wa hoteli wanamcheka, Atupele amebandika pua kwenye kioo anamtazama mama yake. Akalikumbatia jiwe la kwanza, akalizungusha huku analisugua kwenye ubao mpaka likatulia. La pili hivyohivyo. La tatu lilikaa lenyewe, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuambiwa keti. Akalipiga kwa kiganja, na mdomo wake, kama kawaida yake, ukatangulia.

"Haya ya Atupele."

Mtoto akapiga makofi nje ya kioo. Ruti akatazama kiganja chake. Jiwe lilikuwa la moto. Alidhani ni jua, kisha akakumbuka kwamba tangu asubuhi Tunduma ilikuwa imefunikwa na ukungu.

Juu ya mafiga wakalaza jiwe pana kama sinia, na juu ya hilo Lusubilo akajenga kilima chake, mapango na vilele, chini pana juu pembamba. Kesho yake kilikuwa kimesimama. Lusubilo akapanda juu yake, akarukaruka. Hakikutikisika.

"Mama Atu," alisema, "ungezaliwa mwanaume tungefungua kampuni."

Wakajaza maji, wakakoroga chumvi yake maalumu, pampu ikawashwa, na baada ya muda wa kutuliza maji samaki wakaja kwa ndege mpaka Songwe, wa manjano, wa bluu, na wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Watu walikuja kupiga picha. Bwana Mika alisimama mbele ya tangi kama bwana harusi.

Samaki walizunguka kilima chote, wakaingia mapango yote, isipokuwa lile la chini kabisa katikati ya mafiga. Wakilifikia wanageuka kwa pamoja, kama watoto wanaopita mbele ya nyumba ya mtu wanayemwogopa.

Kisha Atupele akaacha kula.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini na tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni?"

"Nimekula."

"Kwa nani? Jikoni?"

"Hapana. Kwa yule mama."

"Mama yupi, Atu?"

Mtoto akanyoosha mdomo kuelekea ukumbini, kama watoto wanavyoonyesha wakiwa hawana habari na swali. Ruti akamfuta midomo na ncha ya kanga. Kanga ikabaki na unga mweupe. Akauonja, akakumbuka yale maji ya chini ya viroba.

Alijipa maneno. Watoto wana marafiki wa kichwani. Labda dereva fulani anampa karanga za chumvi. Lakini samaki walikuwa wanapungua, leo hayupo wa manjano, kesho hayupo wa bluu, na Bwana Mika aligombana na Venance kwenye simu kwamba ameuziwa samaki wagonjwa. Venance akauliza, mizoga iko wapi? Mizoga haikuwepo. Ndipo Ruti alipogeuza godoro ili kulianika, akakuta upande anaolala mtoto vijiti vidogo vyeupe, laini, vimefyonzwa vikafyonzeka. Akavishika kiganjani muda mrefu kabla ya kukubali kwamba ni miiba ya samaki.

Siku ile umeme ulikatika jioni, watu wanaandaa chakula. Ruti alikuwa uani anapepea mkaa. Ukumbini pampu ilizima, na ule mlio wake ambao walishauzoea hata hawausikii ukaondoka, na hapo ndipo mlio mwingine uliokuwa chini yake siku zote ukabaki peke yake. Ruti aliujua. Kila mwanamke anaujua. Ulikuwa mlio wa chungu kinachotokota, mfuniko unagonga, tok, tok, tok.

"Atu?" aliita. "Atu, uko wapi?"

Akaenda polepole, mkono ukutani, na kadiri alivyosogea ile harufu ya chuma kilicholambwa ikawa nzito mpaka akawa kama anaimeza, na alipofika kwenye kona ya ukumbi akaona mwanga, mwekundu, mdogo, unapepesuka chini kabisa ya tangi katikati ya yale mafiga aliyoyaweka kwa mikono yake mwenyewe, na nyuma ya mwanga huo, mle ndani ya maji ambamo hata mtoto asingeweza kujikunja, kulikuwa na mwanamke amechuchumaa, amempa mgongo, anakoroga, bega lake linapanda na kushuka taratibu kama bega la mtu asiye na haraka na nyumba yake, nywele zake zimesimama juu zikiyumba kama majani ya mtoni, na nje ya kioo Atupele amepiga magoti, amefunga macho, amefungua mdomo kama kinda la ndege, na koo lake, ee Mungu, koo lake linapanda na kushuka, anameza.

Ruti akamrukia. Alimvuta mtoto kwa kiuno. Alikuwa mzito kama gunia lililonyeshewa, nywele zake zimelowa, na alipomgeuza akatapika maji mengi ya chumvi na magamba ya bluu yakabaki yaking'aa sakafuni.

"Mbona umenitoa, mama?" mtoto aliuliza. "Alikuwa anataka kugeuka nimwone."

Kulipokucha Ruti alisimama mbele ya Bwana Mika, hajafunga hata kilemba.

"Bosi, naomba yatolewe yale mawe."

"Mawe niliyohangaika nayo mwezi mzima? Wewe mama una malaria."

"Njoo umwone mtoto."

Bwana Mika akaja, akainama juu ya kitanda, akamwekea Atupele mkono usoni, akauondoa haraka kama aliyegusa samaki wa sokoni. Alikuwa mtu wa makelele lakini hakuwa mtu mbaya. Akamwita Lusubilo. "Toa mawe yako, fundi."

Lusubilo alipanda kwenye ngazi, akazamisha mtaimbo ndani ya maji, akakaza. Kilima hakikutikisika hata kidogo. Akakaza tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama, mtaimbo ukaanza kupinda. Akakasirika, akakipiga pigo moja la haki.

Kutoka chumba cha uani Atupele alipiga ukelele.

Ruti alikimbia. Alimkuta mtoto amejikunja, ameshika ubavu, na alipoinua gauni akaona alama nyekundu, ndefu, upana wake sawasawa na ncha ya mtaimbo.

"Acheni!" alilia hata ukumbini wakamsikia. "Acheni kupiga, mnampiga mwanangu!"

Lusubilo akauachia mtaimbo ukazama. Yule aliyerukaruka juu ya kilima sasa alikaa kwenye ngazi. "Yamekaa, Mama Atu," alisema kwa kunong'ona. "Yamekaa mno."

Wazee wa kanisa walikuja kuomba. Waliimba vizuri, na Atupele aliimba nao kitandani, kila neno, huku maji yanamchuruzika pembeni mwa mdomo na kulowanisha mto. Wakatoka. Mmoja wao, mama aliyeolewa huko bondeni Momba, alibaki nyuma kidogo. "Ndalambo kuna mama wa Kisukuma," alimnong'oneza Ruti. "Nyanzobe. Usiseme nimekwambia mimi."

Nyanzobe alifika kwa bodaboda saa za mchana, amevaa gambuti, tope mpaka magotini, anamgombeza dereva kwa kumpitisha kwenye mashimo yote ya dunia. Hakuwa na kibuyu wala manyoya. Alikuwa na mkoba wa kawaida wa sokoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akalizunguka, akachuchumaa akachungulia chini, akakaa hivyo muda mrefu.

"Mimi jini la bahari silijui," alisema alipoinuka. "Sisi maji yetu ni ya ng'ombe. Ila huyu hakuvamia. Jini aliyevamia anahangaika, anarusha vitu, anavunja. Huyu ametulia, anapika. Nani alimpa mafiga?"

Lusubilo akatazama viatu vyake.

"Mimi," alisema Ruti.

"Na ulipoyaweka ulisema nini?"

Hapo ndipo Ruti alipoelewa. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili kana kwamba angeweza kulirudisha lile neno, limeshatoka, limeshakaa. "Nilimtaja mtoto," alisema kupitia vidole. "Ndivyo kwetu tunavyofanya. Nilikuwa natania."

"Wewe ulikuwa unatania. Yeye walimng'olea nyumba kwa mitaimbo, wakampakia kwenye viroba, wakamleta mahali pasipo hata harufu ya kwao, kisha mwanamke mwenzake akaingia kwa miguu mitupu, akamwekea jiko na kumpa mtoto wa kumpikia. Kwa nini aondoke? Mimi nikimfukuza nitakuwa namfukuza mtu kwake." Akavua gambuti, akakaa sakafuni, akampakata Atupele aliyekuwa amefungwa kwenye blanketi. "Aliyeyaweka ayang'oe. Anzia juu, jiwe moja moja, kama yalivyopandishwa. Usiache kilima kianguke. Kikianguka mle ndani, na huyu huku ataanguka. Na jina ulichukue kwa mdomo uleule ulioliweka."

Walizima pampu. Nje ukungu ulikuwa umeshuka tena, malori yamewasha taa mchana. Ruti akaingia.

Maji yalimfika kifuani, ya baridi, isipokuwa miguuni ambako yalikuwa ya uvuguvugu kama ya kuoga mtoto. Akanyanyua kilele. Kwa Lusubilo kilikuwa kimekataa mtaimbo, kwake kilitoka kama kiazi kilichoiva. Akampa Lusubilo nje. Jiwe la pili. La tatu. Kila alipotoa alishika kwanza lililo chini yake, akalituliza kwa kiganja, akasikiliza. "Anapumua," Nyanzobe alikuwa anasema kutoka sakafuni. "Endelea. Anapumua."

Akaondoa lile pana kama sinia, kwa shida, pamoja na Lusubilo aliyeinamia ukingoni. Yakabaki mafiga. Ili kuyafikia ilibidi azame. Akavuta pumzi, akaenda chini, akafumbua macho kwenye chumvi, na huku yanamwasha akaona miguu, miguu ya mtu aliyechuchumaa, myeupe, imejaa matundu matundu kama yale mawe, na ndani ya kila tundu kitu kidogo kinachojitokeza na kurudi, kinajitokeza na kurudi, na akajua kwamba akiinua macho uso utakuwa umeshageuka unamtazama, kwa hiyo hakuinua, alilikumbatia figa la kwanza huku macho yake yako chini akaling'oa, akainuka akavuta pumzi akazama tena akang'oa la pili, na alipozama kwa ajili ya la tatu akakuta mikono mingine imeshalikumbatia upande wa pili.

Akainuka, anakohoa. "Kalishika! Kalishika!"

"Mwambie!" Nyanzobe alifoka. "Wewe ni mwanamke mwenzake, mwambie!"

Ruti akaweka unyayo juu ya lile jiwe. "Mwenzangu," alisema, na meno yanagongana. "Mafiga niliyaweka mimi. Mtoto nilimtaja mimi. Jina la Atupele nalichukua. Ni wangu. Sina mwingine."

Atupele alifungua macho kwenye mapaja ya Nyanzobe. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, na matamshi yalikuwa ya pwani, laini, ya taratibu.

"Nami niende wapi, mwanangu? Kwangu mmekwisha kuvunja."

Haikuwa sauti ya hasira. Ruti angependa ingekuwa ya hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyetolewa vyombo nje, na huruma ilimpanda Ruti hata bila kutaka, akasikia machozi yanachanganyika na yale maji.

"Utarudishwa baharini. Mawe yako yote. Leo. Naapa mbele ya mtoto huyuhuyu."

Samaki wawili waliobaki wamejibanza kwenye kona. Kisha chini ya unyayo wake jiwe likalegea, na uvuguvugu ukaondoka majini kama mtu aliyefungua mlango na kutoka, na Ruti, kwa furaha ile, kwa mazoea ya mfanyakazi wa hoteli anayeaga wageni kutwa nzima, mdomo wake ukatangulia.

"Haya, safari njema. Karibu tena."

Nyanzobe akainua kichwa. "Umesema nini?"

"Nime... nimeaga tu. Nimezoea."

Yule mama akamtazama muda mrefu. "Mdomo wako, Mama Atu," alisema mwishowe, na akaanza kuvaa gambuti zake kwa haraka ambayo hakuja nayo.

Mawe yaliondoka siku ileile na lori lililokuwa linarudi Dar. Dereva wake alituma video: viroba vinamwagwa kimoja kimoja kutoka kwenye boti, mawe meupe yanashuka kwenye maji ya kijani. Ruti aliitazama mara nyingi. Atupele akala ugali, akaomba wa pili. Ile alama ya ubavuni ikafifia. Bwana Mika akaweka sofa pale palipokuwa na tangi.

Ruti hakutaka tena kazi ya Tunduma. Akarudi Isansa kwa mama yake na mtoto wake, na kwa kuwa aliyaona yaliyomkuta, akanunua jiko la gesi. Mafiga ya mama yake yalipochakaa hakukubali yawekwe mengine. Msimu wa kahawa ukaja, akashinda shambani anachuma, anasimulia, anacheka, na watu wakasema Ruti amerudi kuwa Ruti.

Siku moja alirudi na kapu mchana, akasikia Atupele anaongea nyuma ya nyumba. Alikuwa anacheza kupikapika, kama watoto wote. Ruti akatabasamu, akaenda kuchungulia.

Mtoto alikuwa amechuchumaa. Mbele yake kulikuwa na vijiwe vitatu vya mtoni, vinatazamana, na juu yake kopo la maziwa lenye maji na majani ya mbuni. Chini ya kopo hapakuwa na moto. Hapakuwa na hata kijiti. Na maji yalikuwa yanatokota, mfuniko unagonga, tok, tok, tok.

Harufu ikamfikia.

"Atu," alisema. "Hayo mafiga umemwekea nani?"

"Mgeni wako, mama. Amesema kule walikomrudisha ni baridi, na hakuna watu. Amesema wewe mwenyewe ulimkaribisha."

Ruti alisogeza mguu ili avipige teke vile vijiwe, kisha akakumbuka mtaimbo na ule ubavu, akaurudisha mguu polepole. Akapiga magoti kwenye vumbi. Hakutazama upande wa pili wa kopo, ambako nyasi zilikuwa zimelala kama zilivyolala chini ya mtu aliyeketi, zimelowa.

"Mwanangu," alinong'ona. "Ni wewe uliyeyaweka. Yang'oe. Mfanyie mama yako, yang'oe sasa hivi."

Atupele alitazama vijiwe vyake, akatazama zile nyasi, akamwekea mama yake kidole midomoni, taratibu, kama anavyonyamazishwa mtu asiye na adabu mbele ya wageni.

"Subiri, mama. Hajamaliza kula."